Darasa la Sita na Darasa la Saba Kumaliza Pamoja Mwaka 2027: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyafahamu

Mkutano wa wazazi wa kufungua mwaka katika shule moja ya msingi ya halmashauri yetu ulipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Ulianza saa nne na nusu, kwa kuwa mvua ya alfajiri ilikuwa imeiharibu njia ya bondeni, na mwenyekiti wa kamati ya shule aliona si haki kuanza kabla wazazi wa ng'ambo ya mto hawajafika. Mwalimu mkuu alisoma taarifa ya taaluma, ya fedha na ya majengo, na wazazi wakasikiliza kwa utulivu kama ilivyo ada. Ilipofika nafasi ya maswali, mama mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisimama, akawaamkia wazee waliokuwa mbele, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nina watoto wawili hapa. Mmoja yuko darasa la tano, mwenzake la sita. Nasikia watamaliza pamoja. Naomba nielezwe, ni kweli au ni maneno ya gulioni? Na kama ni kweli, ni yupi nimpeleke sekondari, na yupi abaki?"

Mimi nilikuwa nimekwenda pale kupiga picha na kuandika habari ya aya mbili. Swali la mwisho la mama yule ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu niliona wazazi wengine wakitikisa vichwa kama watu walioulizwa jambo wanalolifikiria wao wenyewe. Tangazo la mabadiliko ya mitaala lilikwisha kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji na kata. Naikiri hapa kasoro yetu sisi tunaoandika matangazo hayo: tuliandika kwa lugha ya waraka, na waraka haujibu swali la mzazi mwenye watoto wawili.

Jibu la swali la kwanza ni kwamba ni kweli. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza muda wa elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi miaka 6. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na katika shule za msingi ilianzia elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Darasa la nne na yaliyo juu yake yaliachwa yaendelee na mtaala wa zamani hadi yamalize. Hapo ndipo hesabu inapohitaji utulivu kidogo.

Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 aliingia katika mtaala mpya. Mwaka 2025 alikuwa darasa la nne, mwaka huu wa 2026 yuko darasa la tano, na mwaka 2027 atakuwa darasa la sita, ambalo kwake ndilo la mwisho. Mtoto aliyemtangulia kwa darasa moja, yaani aliyekuwa darasa la nne mwaka 2024, alibaki katika mtaala wa zamani. Mwaka huu yuko darasa la sita, na mwaka 2027 atakuwa darasa la saba, nalo ni la mwisho kwake. Hivyo mwaka 2027 shule moja itakuwa na madarasa mawili yanayomaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na wanafunzi wa madarasa hayo yote wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Wanafunzi walio darasa la saba mwaka huu hawaguswi na jambo hili. Wao watafanya mtihani wao mwezi Septemba na kwenda kidato cha kwanza mwaka 2027 kama kaka na dada zao waliowatangulia.

Swali la pili, la nani aende na nani abaki, lilijibiwa na Afisa Elimu Kata kwa sentensi moja: "Mama, hakuna wa kubaki." Alikuwa na haki ya kujibu kwa ufupi, lakini sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu.

Kwa sera ya sasa, elimu ya lazima ni miaka 10: miaka 6 ya msingi na miaka 4 ya sekondari ya chini. Zamani mtoto aliyemaliza darasa la saba alihesabiwa kuwa amemaliza elimu ya lazima, na kama hakuchaguliwa au mzazi hakuwa na uwezo, jambo liliishia hapo. Sasa darasa la sita si mwisho wa safari. Ni sawa na kituo cha kubadilishia gari, na anayeteremka hapo akarudi nyumbani amekatisha safari yake katikati. Katika sekondari atakuta mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na huu wa pili unamwandaa kijana katika fani za ufundi, kilimo na nyinginezo huku akiendelea na masomo. Kwa hiyo hata mzazi anayesema kwamba mwanawe "mkono wake ni mwepesi kuliko kichwa chake," kauli niliyoisikia siku ileile, hana sababu ya kumbakiza nyumbani.

Kuhusu ada, Serikali iliiondoa kuanzia Januari 2016 kwa shule za umma hadi kidato cha nne, ikiwamo ile ya shilingi 20,000 kwa mwaka iliyokuwa ikilipwa katika sekondari za kutwa. Kinachobaki mikononi mwa mzazi ni sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa. Siandiki haya ili kusema kwamba gharama hizo ni ndogo. Kwa mama mwenye watoto wawili wanaoingia kidato cha kwanza wiki moja, ni jozi mbili za viatu, mikoba miwili na sare maradufu, mwezi Januari, wakati ghala limeanza kupungua na mbegu zinahitajika shambani. Ndiyo maana habari hii inatolewa sasa, ikiwa imebaki karibu miaka miwili kufikia Januari 2028. Katika mkutano ule wanawake watatu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa walikubaliana papo hapo kufungua mfuko wa elimu ndani ya kikundi chao, utakaovunjwa Desemba 2027 na si kabla. Nimewaomba maofisa maendeleo ya jamii wa kata nyingine wautazame mpango huo. Jambo moja la tahadhari: madaftari yanaweza kununuliwa mapema, lakini sare zisishonwe kabla mtoto hajapangiwa shule, kwani rangi hutofautiana kati ya sekondari moja na nyingine, na fundi harudishi kitambaa alichokwisha kukikata.

Baada ya hapo mzee mmoja alinyoosha mkono. Yeye alikuja na ombi: mjukuu wake aliye darasa la tano ni hodari, je, hawezi kurushwa aingie darasa la sita ili amalize mapema? Watu walicheka, lakini hoja yake si ya kuchekwa, maana imekwisha kuletwa katika shule zetu kadhaa. Jibu ni kwamba hakuna kinachookolewa. Wa darasa la tano na wa darasa la sita wanamaliza mwaka uleule. Zaidi ya hayo, masomo yao si mamoja. Katika mtaala mpya mtoto anasoma Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Sanaa na Michezo. Katika mtaala wa zamani anasoma Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili, pamoja na Sayansi na Teknolojia. Mtoto atakayerushwa atafika darasani akutane na vitabu asivyopata kuvifungua, na mtihani wa mwisho utamuuliza mambo ya miaka ambayo hakuisoma.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mzito zaidi, nami naomba kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita mwaka huu ausome kwa makini. Kwa kawaida mtoto aliyeugua muda mrefu, au aliyekuwa mtoro, angeweza kurudia darasa na maisha yakaendelea. Safari hii ardhi iliyo nyuma yake imehama. Akirudia darasa la sita mwaka 2027 ataangukia katika darasa la mtaala mpya, lenye masomo ambayo wenzake wameyasoma tangu darasa la tatu na yeye hakuyagusa. Na atakayeshindwa kukamilisha darasa la saba mwaka 2027 hatapata darasa la saba la kurudia mwaka 2028, kwa kuwa shule zitakuwa na madarasa sita tu. Kwa kundi hili, basi, siku za kwenda shule mwaka huu na mwakani hazina akiba. Mtoto asibakizwe nyumbani kuamia ndege shambani, asipelekwe mnadani kuchunga mbuzi wa kuuza, asiachwe alee mdogo wake siku ya gulio. Nayajua mazingira yetu na najua kwamba maneno haya ni rahisi kuandikwa kuliko kutekelezwa wakati wa mavuno. Lakini hesabu ndivyo ilivyo.

Wapo pia wanaohofia kwamba watoto wa darasa la sita wataingia sekondari wakiwa wamepunjwa mwaka mmoja. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, hasa katika lugha. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto atakayefika huko akiwa na umri wa miaka 12 atahitaji msingi imara wa lugha hiyo kutoka shule ya msingi. Mwalimu wa taaluma wa shule niliyoitembelea alieleza kwamba wameanza kutenga nusu saa kila asubuhi kwa darasa la tano kusoma hadithi fupi za Kiingereza kwa sauti, na wanafunzi hubadilishana zamu ya kusoma. Ni utaratibu usiohitaji fedha. Kwa wazazi wenye simu janja, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake, navyo husomwa bila malipo. Mzazi asiye na simu ya namna hiyo anaweza kumwomba mwalimu mtoto akae na kitabu cha shule jioni moja moja, kwa makubaliano ya kukirudisha. Masomo ya ziada yanaruhusiwa kuwapo, lakini yasigeuzwe kuwa mlango wa kumtoza mzazi fedha kwa lazima, wala mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wowote.

Upo upande wa majengo, ambao ndio unaoiumiza kichwa halmashauri. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 75 katika darasa la sita na 80 katika darasa la tano mwaka huu. Mwaka wa kawaida, sekondari ya kata ingepokea kundi moja kutoka shule hiyo. Kwa kipimo cha wanafunzi 45 kwa chumba, kundi la 80 linahitaji vyumba viwili. Januari 2028 shule hiyohiyo itatoa wanafunzi 155, nao wanahitaji vyumba vinne. Na sekondari ya kata haipokei kutoka shule moja tu. Vyumba vikipatikana, bado kuna viti na meza, matundu ya vyoo, nyumba za walimu, na walimu wenyewe, hususan wa sayansi na hisabati. Wimbi hilo, isitoshe, halipiti mara moja likaisha: litakuwa kidato cha kwanza mwaka 2028, kidato cha pili mwaka 2029, na litaendelea kuisumbua sekondari hadi mwaka 2031 litakapomaliza kidato cha nne.

Katika shule za msingi mambo yatakuwa kinyume. Mwaka 2028 chumba cha darasa la saba kitabaki wazi, na shule nyingi zinazosomesha darasa la kwanza kwa zamu mbili zitapata nafasi ya kupumua. Mwalimu mkuu wa shule ile amekwisha kukitengea chumba hicho kazi: kitakuwa cha elimu ya awali, ambayo sasa inasomea chini ya mwembe na kuvunjika kila mvua inaponyesha. Nakiri kwamba habari hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote siku ile. Wapo waliopendekeza vyumba vya msingi vilivyo jirani na sekondari vitumike kwa muda na kidato cha kwanza. Hilo linawezekana pale tu ambapo shule hizo mbili zinapakana, na uamuzi wake unapitia kamati ya shule ya msingi, bodi ya sekondari na ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji. Halifanywi kwa makubaliano ya mdomo.

Vijiji vyenye maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi vinaombwa kuyafikisha kwenye hatua ya lenta kabla ya kuomba fedha za umaliziaji, na kuhakikisha kwamba eneo lina hati au muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha kuwa ardhi ni ya shule. Mara kadhaa maombi huchelewa kwa kukosa karatasi hiyo moja, huku matofali yakiliwa na mvua.

Kuna jambo la umbali pia. Shule za msingi ziko karibu na makazi, lakini sekondari nyingi ziko mbali, na mtoto wa miaka 12 si sawa na wa miaka 14 anapopita njia ya msituni saa kumi na moja alfajiri. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Kata ambazo wanafunzi hutembea zaidi ya saa moja zinashauriwa kuanza mapema mazungumzo ya hosteli. Wazazi nao wajihadhari na vyumba vya kupanga mitaani, maarufu kama geto, ambavyo vimewaharibia masomo watoto wengi waliowekwa humo bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni majina. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba katika mfumo wa kumbukumbu unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ujulikanao kama PReM. Jina lililomo humo ndilo litakaloandikwa katika usajili wa mtihani na litakalomfuata mtoto sekondari. Baba mmoja aligundua katika mkutano ule kwamba mwanawe ana jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine shuleni, kwa sababu alipoandikishwa bibi yake alitaja jina la nyumbani. Makosa ya namna hiyo hurekebishwa kwa urahisi sasa, kwa mzazi kufika shuleni na cheti cha kuzaliwa. Mtihani ukishafanyika, marekebisho huwa marefu. Asiye na cheti afike ofisi ya mtendaji wa kata aelekezwe utaratibu wa RITA.

Shughuli nyingine za muhula huu zinaendelea kama kawaida. Michezo ya UMITASHUMTA imeanza katika ngazi ya shule, na timu zitakazofuzu zitapanda hadi kata, wilaya na mkoa kabla ya mashindano ya kitaifa, ambayo hufanyika katikati ya mwaka. Wanafunzi wa darasa la nne wanajiandaa na upimaji wa kitaifa unaofanyika mwishoni mwa Oktoba, na wa darasa la saba wana mtihani wao Septemba, wenye karatasi sita za alama 50 kila moja. Wahudumu wa afya watapita shuleni kutoa kingatiba za minyoo na kichocho. Siku hiyo mtoto ale kwanza nyumbani, kwani dawa hizo zikimezwa na tumbo tupu humletea kichefuchefu, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa. Wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14 ambao hawajapata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi wataipata. Siku hizi ni dozi moja tu.

Kuhusu chakula, mkutano ulikubaliana kuendelea na utaratibu wa mahindi na maharage kwa kila kaya, na kamati ndogo ya wazazi itapima na kuandika kila kinachopokelewa. Palizuka mabishano makali juu ya kaya zisizochangia. Mwenyekiti aliyahitimisha kwa kusema kwamba mtoto hatatengwa kwenye foleni ya uji kwa kosa la mzazi wake. Deni litafuatwa na serikali ya kijiji, si na mwalimu wa zamu mwenye upawa mkononi. Fedha za uendeshaji zinazotoka Serikali Kuu, ambazo hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, huku 6,000 zikipelekwa shuleni na 4,000 zikielekezwa kwenye vitabu, hazikukusudiwa kununua chakula. Mzazi yeyote anayo haki ya kuzisoma takwimu zake kwenye ubao wa matangazo wa shule, na zisipobandikwa, aulize.

Mkutano ulifungwa saa nane mchana. Nilimwona mama wa watoto wawili akiwa amesimama mlangoni na mwalimu wa darasa la sita, wakitazama daftari la mahudhurio. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekosa siku tisa tangu shule zifunguliwe. Mama alisema hakujua, kwani kila asubuhi humwona akiondoka na sare.

Mikutano kama huu itafanyika katika shule zote za msingi za halmashauri kabla ya likizo ya Juni. Tarehe zitatangazwa na watendaji wa vijiji na mitaa pamoja na nyumba za ibada. Wazazi wenye watoto wa darasa la tano na la sita waje na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na waombe kuonyeshwa daftari la mahudhurio.